Barua ya wazi kwa wakuu wa biashara ya maua: majivu ya Iceland yatarudi, na mpango haupo

KWA: Wakurugenzi wa kampuni za maua za Naivasha, wasimamizi wa mizigo ya ndege, na maafisa wa serikali wanaoshughulikia kilimo cha kuuza nje na masuala ya kazi

KUH: KUKOSEKANA KWA MPANGO WA KUWALINDA WAFANYAKAZI MAJIVU YA VOLKANO YAKIFUNGA ANGA YA ULAYA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Haya ninayoyaandika si mageni kwenu. Nimeyasema kwenye vikao vya kamati ya wafanyakazi, nikayaandika nikayapeleka ofisini, nikaambiwa yamepokewa. Nilipoona kimya kimezidi niliyafikisha kwa ofisi moja ya serikali, na huko nikajibiwa kwamba volkano za Iceland hazimo katika majukumu yao. Ni kweli, hazimo. Lakini mishahara ya watu wa Naivasha imo, na ndiyo iliyonifanya niandike hadharani.

Mimi ni mfanyakazi wa maua. Aprili 2010 nilikuwa jumba la kupangia, mezani, nikihesabu mashina na kufunga waridi vifurushi, wakati supavaiza alipokuja kutuambia tusimamishe kazi, kwa sababu majivu ya volkano ya Iceland yalikuwa yamefunga anga ya Ulaya. Chumba baridi kilikuwa kimejaa hadi mlangoni na malori ya kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta yalikuwa yamerudi na mzigo wake. Wiki ile waridi lililokuwa limeshafungwa na kuandikwa jina la mnunuzi lilimwagwa kwenye lundo la mbolea, na sisi tukaambiwa twende nyumbani tukangoje kuitwa. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba nchi ilikuwa ikipoteza mamilioni ya dola kila siku. Habari ya kibarua aliyekuwa akilipwa kwa siku ilipita kwa mstari mmoja.

Nina hoja sita. Baadhi ni ndefu kwa sababu ndizo mnazozikwepa zaidi.

1. Kilichotupata mwaka 2010 hakijaeleweka maofisini.

Hadi leo nasikia ikisemwa kwamba "volkano ililipuka, ndege zikasimama", kana kwamba volkano zote ni sawa. Eyjafjallajökull, volkano ya Iceland iliyotufunga mwaka ule, ilianza kutoa moto usiku wa Machi 20, 2010, kwenye pito la mlimani liitwalo Fimmvörðuháls, mahali ambapo hapakuwa na barafu ya kuufunika. Lava ilirushwa juu, ikatiririka, watalii wakapanda kwenda kupiga picha. Ndege za Ulaya ziliendelea kuruka na maua yetu yalifika Uholanzi kila usiku. Moto ule ulizimika Aprili 12. Siku mbili baadaye, Aprili 14, mlima uleule ulipasuka kileleni, safari hii chini ya barafu yenye unene wa takriban mita 200. Kuanzia kesho yake nchi za kaskazini mwa Ulaya zikafunga anga moja baada ya nyingine, kwa siku sita hivi.

Tofauti ilikuwa barafu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ina joto la nyuzi 1,000 hivi. Ikiyeyusha barafu na kukutana na maji yake, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kutanuka kwa nguvu kubwa. Aliyewahi kudondosha maji kwenye mafuta ya moto kikaangoni ameona kitendo hicho kwa kipimo kidogo. Mwamba ulioyeyuka hupoa papo hapo, ukavunjikavunjika na kuwa vumbi la kioo. Wataalamu huongeza kwamba magma ya Aprili ilikuwa na gesi nyingi na ilikuwa nzito kutiririka kuliko ile ya Machi, kwa hiyo barafu haikufanya kazi peke yake, na mimi sitaki kuizulia makosa. Lakini katika siku zile za kwanza maji ya barafu yalisaidia sana kusaga majivu yawe laini kiasi cha kuelea hewani kwa siku nyingi. Wingu lilipanda kilomita 9 hivi, na upepo wa siku hizo ulikuwa ukivuma kuelekea Ulaya.

Vumbi hilo likiingia ndani ya injini ya ndege, ambako joto ni kali kuliko kiwango cha kuliyeyusha, huyeyuka na kuganda tena kwenye mapanga ya injini. Desemba 15, 1989 ndege ya KLM aina ya Boeing 747, yenye watu 245, iliingia kwenye wingu la Redoubt kule Alaska, mlima mwingine uliovaa barafu, na injini zote 4 zikazimika. Marubani walifanikiwa kuziwasha tena baada ya kuporomoka kilomita kadhaa, wakatua Anchorage salama. Kwa hiyo simlaumu aliyefunga anga mwaka 2010. Safari zipatazo 100,000 zilifutwa na abiria milioni 10 wakakwama, na hakuna ndege hata moja iliyoanguka. Malalamiko yangu yanaanzia pale ndege zilipokwisha kusimama, na yanawahusu ninyi.

2. Mnatumia milipuko isiyo na barafu kujipa moyo.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni hili: "Iceland imekuwa ikilipuka karibu kila mwaka tangu 2021, na maua yanapaa kama kawaida." Ni kweli inalipuka. Fagradalsfjall ilianza Machi 2021, na kuanzia Desemba 2023 moto ukahamia upande wa mji wa Grindavík, ambao watu wake walikuwa wamehamishwa mwezi uliotangulia. Lakini hiyo yote ni rasi ya Reykjanes. Juu ya nyufa zile hakuna barafu. Moto ukitoka hapo unakuwa lava; unachoma barabara na nyumba za watu, jambo la kusikitisha, lakini hautengenezi wingu la majivu la kufika Amsterdam.

Mfano unaopaswa kuwakosesha usingizi ni wa Bárðarbunga. Agosti 2014 magma ilianza safari chini ya barafu kubwa kuliko zote Iceland, Vatnajökull, ikapenya ardhini zaidi ya kilomita 40, kisha ikatokeza Holuhraun, nje kidogo ya ukingo wa barafu. Ilimwaga lava kwa miezi 6, hadi Februari 27, 2015. Ulikuwa mmiminiko mkubwa zaidi wa lava kuonekana Iceland tangu karne ya 18, na ndege zetu hazikuguswa. Kama ufa ule ungefunguka kilomita chache kusini, chini ya barafu, habari ingekuwa nyingine. Meneja anayehesabu miaka ile kuwa ushahidi kwamba tuko salama anahesabu bahati.

3. Milima yenyewe ipo na inajulikana kwa majina.

Grímsvötn iko chini ya Vatnajökull. Ililipuka mwaka 1998, 2004 na 2011. Wingu la Mei 21, 2011 lilipanda kilomita 20 hivi, juu zaidi ya lile lililotufunga sisi, lakini majivu yake yalikuwa mazito zaidi, yakaanguka mapema, na safari zilizofutwa zilikuwa 900 tu hivi. Katla iko chini ya Mýrdalsjökull, jirani kabisa na Eyjafjallajökull, na juu yake kuna barafu inayofikia unene wa mita 700. Mara ya mwisho ilipasua barafu hiyo ilikuwa Oktoba 12, 1918. Kwa karne nyingi ilizoea kulipuka kila baada ya miaka 40 hadi 80. Sasa imepita zaidi ya 100. Hiyo haina maana kwamba italipuka kesho, kwa sababu mlima haufuati kalenda. Ina maana kwamba kampuni inayouza nusu ya mazao yake kupitia anga ya Ulaya haina haki ya kushangaa.

4. Onyo hutangulia, na hapa kwetu hakuna anayelipokea.

Kati ya moto wa Fimmvörðuháls na ule wa chini ya barafu zilipita siku 25. Siku 25! Wenyeji wa Iceland walizitumia. Vijiji vya chini ya mlima ule vilikuwa vimeshafanya mazoezi ya kuhama miaka ya nyuma, na Aprili 14 watu wapatao 800 waliondolewa kabla mafuriko ya barafu iliyoyeyuka hayajashuka kwenye mto Markarfljót. Mafundi wa barabara waliikata barabara kuu wenyewe kwa mashine ili maji yapite pembeni na daraja lisalimike. Likasalimika.

Mwaka 1996 walipata nafasi ndefu zaidi. Mlipuko wa Gjálp ulianza Septemba 30 chini ya barafu ya zaidi ya nusu kilomita, ukaitoboa kwa siku moja na robo hivi. Maji hayakutoka. Yalikusanyika chini ya barafu, kwenye ziwa la Grímsvötn, na wataalamu wakakaa wakilipima huku barabara ya chini ikiwa imefungwa, hadi Novemba 5 yalipotoka kwa kishindo, kiasi cha meta za ujazo 45,000 hivi kwa sekunde, yakabeba vipande vya barafu vikubwa kama majumba na kung'oa madaraja. Hakuna aliyekufa.

Upande wa pili kuna Kolombia, ambayo mnaijua vizuri kwa sababu ni mshindani wetu wa waridi. Oktoba 1985 ramani ya hatari ya volkano ya Nevado del Ruiz ilikuwa imeshachorwa, na mji wa Armero ulionekana humo waziwazi kuwa kwenye njia ya matope. Novemba 13 mlipuko ambao haukuwa mkubwa uliyeyusha sehemu tu ya barafu ya kileleni; matope yakashuka mabonde, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Sithubutu kulinganisha ujira uliopotea na roho za watu wa Armero. Nataja ramani ile kwa kuwa nimechoka kuambiwa kwamba "taarifa zipo". Zilikuwepo na kule.

Na ni kweli zipo. Taasisi ya hali ya hewa ya Iceland hutangaza hali ya kila volkano kwa rangi za usafiri wa anga: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama bila malipo. Kituo cha tahadhari ya majivu ya volkano cha London hutoa ramani za majivu kwa marubani. Na hapa hapa, mwendo mfupi kutoka mashambani, kuna mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme, ambako wahandisi na wanajiolojia Wakenya wengi wamesomea Iceland kwenye mafunzo ya jotoardhi yaliyoanza mwaka 1979. Kuna watu Naivasha waliotembea juu ya mawe ya nchi ile wakifundishwa na watu wanaozipima volkano hizo. Je, kuna kampuni ya maua iliyowahi kumwalika mmoja wao hata kwa chai? Mimi sijasikia.

5. Hasara mliigawa, na sehemu yetu ikawa kubwa kuliko uwezo wetu.

Mwaka 2010 wenye mikataba ya kudumu walilazimishwa kuchukua likizo zao. Vibarua hawakuwa na likizo ya kuchukua. Walirudi vyumbani Karagita na Kihoto, ambako kodi haijui anga imefungwa, na mwenye duka akafunga daftari la mkopo. Ndege zilipoanza kuruka tuliitwa usiku na mchana ili kuziba pengo, na hakuna aliyeuliza siku zile tulikula nini. Nilidhani somo lilikuwa limepatikana. Machi 2020 korona ilipofunga masoko ya Ulaya, tangazo lililobandikwa getini lilikuwa na maneno yaleyale: nendeni nyumbani, mtaitwa.

Najua kisheria mtasema ni nguvu za Mungu, na kwamba mnunuzi naye halipi mzigo usiofika. Mbele ya mnunuzi hoja hiyo inaweza kusimama. Mbele ya mfanyakazi kuna Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo kifungu chake cha 37 hakikubali mtu afanywe kibarua milele: akishafanya kazi mfululizo inayofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Wengi wa waliorudishwa nyumbani walikuwa wamevuka mwezi zamani sana. Na hata tukiiweka sheria kando, jambo linalotazamiwa, lenye jina, lenye mahali kwenye ramani na lililokwisha kutokea, haliwezi kuitwa dharura ya Mungu kila mara. Mungu hakumzuia mtu kuweka akiba.

6. Njia mbadala zilionekana, kisha zikasahauliwa.

Mwaka 2010 baadhi ya shehena zilipelekwa Uhispania, ambako anga ilikuwa wazi, zikamalizia safari kwa malori hadi kaskazini. Ilikuwa ghali na haikubeba mzigo wote, lakini iliwezekana, tena bila maandalizi yoyote. Zingekuwepo hati tayari, mikataba ya malori na nafasi zilizokubaliwa mapema kwenye viwanja vya kusini, ni maboksi mangapi yasingemwagwa? Kuna pia meli kutoka Mombasa, ambayo huchukua mwezi mmoja hivi na haifai kila aina ya waridi, na kuanzia mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Siyo suluhisho la siku sita. Ni sehemu ya kutotegemea mlango mmoja.

Kuna kisingizio kimoja ambacho nakiheshimu, nacho ni kwamba kanuni za anga zimebadilika. Ni sahihi. Hadi Aprili 2010 majivu kidogo tu yalitosha kufunga anga. Tangu hapo Ulaya inapima wingi wake hewani kabla ya kuamua, na hatari ya kufungiwa siku sita kwa wingu dogo imepungua. Lakini kipimo kikizidi, ndege haziruki. Mlipuko mrefu chini ya barafu ya mita 700, na upepo ukiwa ule wa 2010, hautaulizia kanuni. Tena ule wa 2010 ulitukuta katikati ya Aprili, Pasaka ikiwa imepita na siku ya kina mama ya Mei haijafika. Wekeni tukio lilelile wiki ya kwanza ya Februari, maboksi ya Valentine yakiwa yamejaa uwanjani, kisha mpige hesabu upya.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kila moja peke yake:

(a) Kila kampuni iteue mtu mmoja wa kufuatilia rangi za tahadhari za Katla, Grímsvötn, Bárðarbunga na Eyjafjallajökull, na kamati ya wafanyakazi ijulishwe siku ileile rangi yoyote ikipanda kufikia chungwa.

(b) Uanzishwe mfuko wa pamoja wa kufungwa kwa anga, unaochangiwa na kampuni kwa kila kilo inayosafirishwa, utakaomlipa mfanyakazi, kibarua akiwemo, angalau nusu ya ujira wake kwa muda usiopungua siku 14.

(c) Serikali itoe mwongozo wa maandishi unaosema kama mwajiri anaruhusiwa kumrudisha mtu nyumbani bila malipo kwa sababu ya anga kufungwa. Ikiwa anaruhusiwa, tuoneshwe kifungu cha sheria.

(d) Wasimamizi wa mizigo waweke wazi ni viwanja gani vya kusini mwa Ulaya vimekubaliwa kupokea maua yetu wakati wa majivu, na malori ya nani yatayabeba. Kama hakuna, waseme hakuna.

(e) Waridi na mboga zisizosafirika zigawiwe au ziuzwe hapa nchini kabla ya kuoza. Mwaka 2010 maharagwe mabichi yaliyopangiwa maduka ya Ulaya yalitupwa katika nchi yenye watu wenye njaa, na hilo sihitaji kulieleza zaidi.

(f) Wataalamu wa jotoardhi wa Olkaria waalikwe mara moja kwa mwaka kuzungumza na wakuu wa mashamba na wafanyakazi pamoja, chumba kimoja.

Naomba majibu yapatikane kabla ya maua ya msimu wa Februari kuanza kuvunwa. Yaje kwa maandishi kwa kamati za wafanyakazi, na nakala zibandikwe kwenye mbao za matangazo getini, kwa Kiswahili, ili aliyeajiriwa jana naye ayasome. Mkiona nimekosea takwimu au sheria mahali popote, nirekebisheni hadharani hapo hapo ubaoni. Kimya safari hii tutakihesabu kuwa jibu, na kamati itaiomba ofisi ya kazi ya kaunti iitishe kikao cha pande zote.

Wenu katika kazi,

Mwakilishi wa wafanyakazi,
Jumba la kupangia maua,
Naivasha

Nakala: Kamati zote za wafanyakazi wa maua, Naivasha